Maji Uliyookoa Utamuuzia Nani?

Andiko langu la kwanza la kuomba mkopo wa umma wa kupunguza upotevu wa maji lilirudi na swali moja, limeandikwa kwa kalamu pembeni ya jedwali: "Haya maji mtakayookoa mtamuuzia nani?" Nilikasirika. Nilikuwa nimechukua maji yote yanayopotea kwa mwaka, nikazidisha kwa bei tunayomtoza mteja, ikapatikana hesabu nono ya kulipa mkopo na chenji ikabaki.

Wewe unayeanza kazi hii, anza pale nilipokosea. Upotevu uko wa aina mbili na thamani yake hailingani. Kuna maji yanayovuja bombani kabla hayajamfikia mtu. Halafu kuna maji yaliyofika na kutumika ila hayakulipiwa: dira (mita ya maji) imechakaa inasoma pungufu, mtu kajiunganishia kinyemela, au msoma dira kakisia akiwa kivulini (wapo, na utawafahamu). Ukiziba uvujaji, mara nyingi unachookoa ni umeme wa pampu na dawa za kutibu maji. Ukibadilisha dira mbovu, unarudisha bei kamili ya kuuzia. Kama uniti unaiuza 100, na umeme na dawa vinakula 20, basi uniti ya uvujaji ina thamani ya 20 tu. Isipokuwa kama maji yenu ni ya mgawo na kuna wateja wanasubiri. Hapo kila tone utakaloziba litanunuliwa, na una haki ya kuandika 100. Lile swali la pembeni lilikuwa na maana hiyo.

Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, walilielewa mapema. Mwaka 1993 mji ule ulikuwa unapoteza takriban asilimia 72 ya maji yake. Baadaye ukashuka hadi karibu asilimia 6. Walikopa na kupewa misaada, ndiyo, lakini pamoja na kubadilisha mabomba walifunga dira kwa wateja na kuwasaka waliojiunganishia kwa wizi.

Miradi ya kumfanya mteja atumie maji kidogo ina mtego wake. Sheria ya Marekani ya 1992 iliweka kikomo cha takriban lita 6 kwa kila mara choo kipya kinapovutwa, wakati vya zamani vilimeza 13 na zaidi. Mto unapumua, ila mauzo yako yanashuka na rejesho la mkopo liko palepale. Zungumza na mhasibu kuhusu bei za maji kabla ya kusaini, siyo baada ya bili ya kwanza.

Kuhusu madirisha ya fedha, yaani mifuko inayotoa mikopo hii, soma masharti hadi mstari wa mwisho. Marekani wana mifuko ya mzunguko, ambapo marejesho ya huyu ndiyo mkopo wa yule: wa majitaka tangu 1987, wa maji ya kunywa tangu 1996. Sheria yao ya 2009 ya kuchochea uchumi ilitenga angalau asilimia 20 ya fedha ilizoweka kwenye mifuko hiyo kwa miradi ya kijani, ikiwemo ya kubana matumizi ya maji, lakini ikaongeza: endapo maombi yanayofaa yatatosha. Fedha ikitengwa hivyo, anayeipata ni yule aliyefika na vipimo mkononi.

Mawili ya haraka. Muda wa mkopo usizidi uhai wa kifaa. Dira ya miaka 12 usiikopee kwa miaka 30. Na mifuko mingi hukurejeshea ulichokwisha kutumia, kwa hiyo uwe na fedha ya kumlipa mkandarasi wakati unasubiri.

Vipimo ndivyo vilivyotuchukua muda. Tuligawa mtandao katika kanda ndogo, kila moja na dira yake ya kuingizia, tukasoma kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wengi wakiwa wamelala. Maji yanayopita saa hizo mengi ni uvujaji. Kanda mbili kati ya tisa ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya hasara, na moja ilihitaji tu kupunguziwa presha.

Andiko la pili liliomba chini ya nusu ya fedha za mwanzo. Pembeni hapakuandikwa kitu.