Maswali Yenu: Kabla Hujapanda Basi la Kisoro

Mwalimu, nasoma tamaduni za watu wa asili. Kwa Uganda hao ni nani hasa? (Mwaka wa kwanza, Mbale)
Hili nimelijibu hadi nimechoka. Kikatiba, jamii za asili ni zote zilizokuwa ndani ya mipaka yetu Februari 1, 1926, kwa hiyo Muganda yumo, Mgisu yumo. Mhadhiri wako anawakusudia wachache walionyang'anywa ardhi: Watwa wa misitu ya Bwindi na Mgahinga kusini-magharibi, Wabenet wa Mlima Elgon, Waik wa Karamoja kaskazini-mashariki. Sema mapema unatumia maana ipi.

Nikiandika kuhusu Watwa, naweza kuandika "mbilikimo"?
Hapana. Na "Wandorobo" kwa Wabenet uliache hukohuko: ni jina la wenye ng'ombe kuwadharau wasio nao.

Kitabu cha mwanaanthropolojia Colin Turnbull kuhusu Waik kinanitosha? (Mbarara)
Hakikutoshi, na usikitaje bila kukijibu. Kilitoka 1972. Mtu aliwakuta watu kwenye njaa kali, lugha yao haijui vizuri, akawatangazia dunia kuwa hawana utu, kisha akashauri watawanywe. Mwanaisimu Bernd Heine alipofika kwao 1983 na kuwaeleza yaliyoandikwa, waliuliza watamshitaki vipi Turnbull. Wewe ungeulizaje?

Nina wiki moja Kisoro. Nianze vipi kuwahoji Watwa?
Wiki moja ni ya kutalii. Kibali kwanza: kamati ya maadili ya chuo, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji. Halafu mtazame mkalimani wako. Mara nyingi ni jirani, pengine ndugu wa mwenye shamba ambamo Mtwa huyo amejibanza tangu 1991, misitu ilipofanywa hifadhi za taifa. Mtwa atakuambia nini mbele ya mkalimani huyo? Atakuimbia na kukuchezea ngoma kama anavyowachezea watalii, nawe utaandika "utamaduni". Tena, wasomaji wangu, acheni kuandika kwamba "walihama". Walitolewa, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba wameachwa pabaya.

Digrii hii ina kazi?
Ukijifunza lugha yao, ipo.

Tasnifu ikipita, nakala nipeleke wapi?
Swali zuri la mwezi huu. Maktaba itachukua yake. Ya pili wapelekee waliokusimulia, ukae uwasomee kwa lugha wanayoielewa. Usichelewe. Mimi niliahidi nikachelewa miaka miwili, na nilipofika nilimsomea mjane wa mzee.