Kutoa na kurudisha injini ya Cessna 172

SWALI: Tunatoa injini ya Cessna 172M, Lycoming O-320, ikatengenezwe. Winchi tunayo. Tuwe macho na nini?

JIBU: Anzeni na mkia. Injini hiyo ina zaidi ya kilo 100; ikitoka puani ndege hukalia mkia, kwa hiyo wekeni stendi chini ya mkia kabla ya kulegeza boliti yoyote. Tenganisheni betri, fungeni mafuta, toeni propela.

Hatari kubwa ni magneto, yaani kifaa kinachozipa plagi umeme bila kutegemea betri. Ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi kazi yake ni kuizima. Ukiufungua, magneto iko hai hata kama swichi imezimwa na betri haipo, na kuzungusha propela kidogo tu kunaweza kuwasha injini. Ndiyo maana propela itoke kwanza, na plagi zitolewe.

Pigeni picha kila waya na mpira, wekeni lebo, zibeni midomo ya mipira yote. Winchi ibebe uzito kwanza, ndipo mfungue boliti 4 za kushikilia injini. Boliti ikikataa kutoka, msiigonge: rekebisheni winchi.

Mkirudisha, kagueni raba za boliti hizo. Zenye nyufa zibadilishwe. Sukumeni throto (kishikio cha kuongezea nguvu ya injini) hadi mwisho: mkono wa kabureta uguse kizuizi chake kabla kishikio hakijagota kwenye dashibodi, la sivyo rubani hapati nguvu zote. Kisha, plagi za juu zikiwa nje, zungusheni kwa stata hadi presha ya oili ionekane. Injini ikiwaka, presha isipopanda ndani ya sekunde 30, zimeni.