Masika ya Tanga hukatika katikati kwa nini?

SWALI: Asalaam aleikum, mtaalamu. Nalima mahindi Muheza. Masika huanza vizuri, halafu jua huwaka wiki mbili hata tatu, kisha mvua hurudi kwa kishindo. Cha ajabu, sisi tukikauka, shemeji yangu aliyeko Kericho husema kwao inanyesha. Ni El Nino?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. El Nino huigusa zaidi vuli kuliko masika, tena hubadilika kwa miezi, si kwa wiki. Unayoyaeleza yanafanana sana na mzunguko wa Madden na Julian, Wamarekani wawili walioueleza mwaka 1971.

Ni kundi la mawingu ya mvua lenye upana wa maelfu ya kilomita. Huanzia Bahari ya Hindi likaelekea mashariki, hadi Pasifiki, kwa mwendo wa kama kilomita 18 kwa saa. Mwendesha baiskeli wa Tanga angekwenda nalo sambamba. Mzunguko mzima huchukua siku 30 hadi 60, kwa hiyo masika moja huweza kupata zamu zaidi ya moja ya mvua na ya ukavu.

Sasa shemeji yako. Mawingu hayo yakiwa Bahari ya Hindi, huvuta upepo wa chini kutoka magharibi. Upepo huo hubeba unyevu wa upande wa Kongo, na nyanda za juu za Kenya hunyeshewa. Huku kwetu matlai, yaani upepo wa mashariki utokao baharini, hulegea, na unyevu wa bahari haufiki shambani. Kundi likishasogea Pasifiki, matlai hupata nguvu tena, na hapo mara nyingi ndipo pwani hupata mvua zake kubwa. Hata watu wa fani yangu husahau hili: pwani na bara hazinyeshewi kwa zamu moja.

Mzunguko huu wakati mwingine hufifia kabisa, na kimbunga karibu na Madagaska nacho huweza kutuvutia unyevu mbali. Lakini ukiwa na nguvu, mwenendo wake hutabirika wiki mbili hadi tatu mbele. Basi jua likiwaka wiki ya pili, tafadhali usikimbilie kununua mbegu upya. Tazama kwanza utabiri wa siku 10 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Na kama umeandika tarehe mvua ilipokatika na iliporudi, nitumie. Nitazilinganisha na mahali mawingu yalipokuwa siku hizo.