Swali la lugha: Waimbaji wa hekaluni, zamu au vikundi?

Swali: Katibu wa kwaya yetu ameandaa maelezo yatakayosomwa kwenye tamasha: "Daudi aligawa Walawi 4,000 katika zamu 24, kila mmoja na watu 12, wakapiga vinubi, vinanda na tarumbeta chini ya mwimbaji Asafu." Baadhi yetu wanataka "vikundi" badala ya "zamu", na "wakapuliza tarumbeta". Ipi ni sahihi?

Jibu: Zamu na kikundi yote yanafaa, lakini kila moja lina mahali pake. Kikundi ni watu. Zamu ni nafasi yao ya kuhudumu. Watu hugawanywa katika vikundi, kisha vikundi huingia kwa zamu. Neno la tatu, kura, ndilo linalotajwa katika 1 Mambo ya Nyakati 25: ndiyo njia iliyoamua nani atangulie. Kura humwangukia mtu, na ya kwanza ilimwangukia Yusufu, mwana wa Asafu. Haikubagua mdogo na mkubwa, wala mwalimu na mwanafunzi.

Kosa kubwa limejificha kwenye "kila mmoja". Mmoja ni wa ngeli ya watu, kwa hiyo msikilizaji ataelewa kwamba kila Mlawi alikuwa na watu 12 chini yake. Zamu hudai "kila moja", kikundi "kila kimoja". Tena ni "aliwagawa Walawi", kwani mtendwa akiwa mtu kiambishi -wa- hakiachwi.

Hesabu nayo haikubali. Vikundi 24 vya watu 12 ni watu 288, na hao ndio waliofunzwa kuimba wanaotajwa katika sura ya 25. Wale 4,000 wako sura ya 23, katika mgawanyo wa Walawi 38,000: 24,000 wa kusimamia kazi ya nyumba ya Bwana, 6,000 maofisa na waamuzi, 4,000 mabawabu, na 4,000 wa kumsifu Bwana kwa vinanda. Katibu amezibana sura mbili katika sentensi moja.

Kuhusu tarumbeta, "kupiga" ni Kiswahili safi: tunapiga baragumu, filimbi, hata mluzi. "Kupuliza" hutumika pale unapotaka pumzi ionekane. Ila hapa swali la kitenzi limefunika swali la mpigaji. Ala za sura ya 25 ni matoazi, vinanda na vinubi. Tarumbeta za fedha zilikuwa za makuhani, wana wa Haruni, tangu kitabu cha Hesabu, sura ya 10. Hekalu la Sulemani lilipowekwa wakfu, Walawi walisimama mashariki ya madhabahu wakiwa wamevaa kitani, na pamoja nao makuhani 120 wenye tarumbeta. Ukieleza siku hiyo, epuka -ka-: "Walawi waliimba, makuhani wakapiga" huonyesha kwamba mmoja alimaliza ndipo mwingine akaanza, ilhali sauti zilitoka pamoja. Andika "huku makuhani wakipiga tarumbeta".

Kinanda pia kina mtego. Waumini wengi wa leo wakikisikia huona ala ya vibonye iliyo pembeni ya kwaya. Cha Walawi kilikuwa cha nyuzi. Neno moja la ziada, "kinanda cha nyuzi", linatosha.

Asafu hakuwa peke yake, na "mwimbaji" ni jina dogo mno kwake. Anayewaongoza wengine kuimba ni mwimbishaji, nao walikuwa watatu: Asafu mwenye wana 4, Yeduthuni 6, Hemani 14. Jumla ni wana 24, kila mmoja na kikundi chake; ndipo zinapotoka zile zamu 24. (Hemani alikuwa pia na binti 3, ambao hawamo katika orodha ya kura.)

Ningeandika hivi: "Waimbaji 288, chini ya Asafu, Yeduthuni na Hemani, walipangwa kwa kura katika vikundi 24, kila kimoja chenye watu 12, wakihudumu kwa matoazi, vinanda na vinubi." Mkitaka zamu, ongezeni "vilivyopokezana kwa zamu" baada ya 12.

Msomaji atakayeshika kipaza sauti aandikiwe tarakimu kwa maneno: waimbaji mia mbili themanini na wanane, vikundi ishirini na vinne, watu kumi na wawili. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayopatana na nomino. Akiamua kuwataja wale wa sura ya 23, aseme "Walawi elfu nne", si "elfu wanne", kwa sababu hapo nne inahesabu elfu, haihesabu Walawi.