Karakara ya njano: maua tele, matunda hakuna

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Muheza. Nilinunua karakara (pasheni) moja kubwa ya njano sokoni Tanga, nikaotesha mbegu zake zikiwa mbichi. Miche mingi ilidumaa kitaluni. Iliyofika shambani inatoa maua tele, yote yanapukutika. Kuna kijana ananiuzia busta, ile dawa ya chupa ya kuongeza nguvu mimea. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Hela hiyo ifanye nauli ya kutafutia mbegu kwingine.

Swali hili naletewa kila msimu, na chanzo ni kilekile: imani kwamba tunda moja zuri linatosha kupanda shamba zima. Kwa karakara ya zambarau, ile ya Lushoto, ungeponea, maana ua lake hujichavusha, yaani hutunga tunda kwa chavua (unga wa ua) yake lenyewe. Ya njano, inayostahimili joto letu la pwani, haiko hivyo. Ua lake hukataa chavua yake lenyewe, hukataa ya maua mengine ya mti uleule, na mara nyingi hukataa hata ya ndugu zake wa tunda moja. Shamba lako lote ni watoto wa mama mmoja. Nyuki wanahangaika bure.

Na huko kudumaa? Yaelekea aliyelima tunda lile naye alianza na tunda moja. Ndugu wachache waliokubaliana wamezaana wao kwa wao, na kila kizazi miche inapungua nguvu. Damu mpya haiuzwi kwenye chupa!

Using'oe yote. Omba matunda kwa wakulima ambao hawajawahi kupeana mbegu: mmoja Pangani, mwingine Korogwe, hata Bagamoyo. Kila tunda toa mbegu chache, zioteshe kwa alama, kisha changanya asili hizo katika kila mstari. Mche unaobaki nyuma kitaluni utupe, usiuonee huruma. Kwa sasa, maua yakifunguka adhuhuri, leta chavua ya shamba la mbali uipake kwa kidole. Wala usipulize dawa ya wadudu saa hizo. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa maboriti anaifanya kazi hii ya kuchavusha vizuri kuliko nyuki wa asali.

Wapo pia wanaopita vijijini na vipandikizi vya "mti bingwa". Jamani, vipandikizi mia vya mti mmoja ni mti uleule mmoja, hata ukijaza ekari. Muulize muuzaji miche yake imetoka kwenye miti mama mingapi. Akibabaika, ondoka na pesa yako.