Uigize nani mbele ya darasa la sita?

Dada, umeuliza umvae mwanamke gani wa historia kwa dakika 20 ili watoto wasichoke. Mimi nasema Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar. Ingia na barakoa (ile ya kufunika uso ya mabibi wa Kiarabu) na suruali ya marinda, mkononi mfupa wa bega la ngamia (wa ng'ombe utafaa, omba buchani), maana alijifunza kuandika kwa siri akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa kama huo. Waushike wenyewe! Halafu usiku wa kutoroka kwa meli ya Waingereza, 1866. Ukifika Aden (Yemen), alikoolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, 1867, vua barakoa mbele yao, vaa gauni la Kizungu. Na sema "mimi", usisome karatasi hata kidogo.