Nakisi ya nini? Bajeti, biashara na malipo ya nje

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika redio ya jamii mkoani Geita, na kila Juni bajeti ikisomwa huwa napata tabu. Safari hii niliandika hivi kwenye taarifa ya saa mbili: "Nakisi ya nchi imeongezeka kutokana na sera ya fedha ya serikali, na hivyo taifa limepata hasara katika biashara na nje." Mhariri aliipigia mstari mwekundu sentensi nzima akasema hakuna hata neno moja lililokaa mahali pake. Nakisi ni nini hasa? Ina tofauti gani na upungufu, hasara na deni? Na je, ni kosa kusema kwamba matumizi ya serikali yanaleta nakisi ya biashara? La mwisho: wingi ni nakisi au manakisi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhariri wako amezidisha chumvi kidogo, kwa sababu "imeongezeka" limekaa vizuri. Hayo mengine tuyaangalie.

Nakisi asili yake ni Kiarabu, naqs, yaani upungufu. Kimaana basi nakisi na upungufu ni mtu na nduguye. Tofauti iko kwenye kazi. Upungufu ni neno la kila mahali: upungufu wa maji, wa walimu, wa damu. Nakisi limebaki na watu wa hesabu, na limebaki kwa sababu nzuri. Jaribu kusema "upungufu wa bajeti umepungua" uone msikilizaji anavyokunja uso: kimepungua nini, na ni habari njema au mbaya? "Nakisi imepungua" haina utata huo. Kinyume chake ni ziada. Magazeti, hasa ya Kenya, hutumia pia pengo, nalo si baya, maana pengo huzibwa, na nakisi ya bajeti huzibwa kwa mikopo na misaada. Ila tahadhari na nakshi. Nimewahi kumsikia mtangazaji akisoma "nakshi ya bajeti" bila kushtuka. Nakshi ni ile inayochongwa kwenye milango ya Zanzibar.

Kosa lako la kwanza si neno lenyewe. Umeliacha peke yake. Nakisi haisimami bila "ya", na ukisema "nakisi ya nchi" umejibu nusu tu ya swali. Ya nini? Nchi haina nakisi moja.

Iko nakisi ya bajeti. Hii ni ya serikali na mfuko wake: matumizi ya mwaka yakizidi mapato, tofauti ndiyo nakisi. Iko nakisi ya urari wa biashara. Hii ni ya nchi nzima, yangu, yako, ya mwenye duka la vipuri na ya serikali pia: bidhaa tulizoagiza nje zikizidi thamani ya tulizouza. Halafu iko nakisi ya urari wa malipo ya kawaida, ambayo ni pana zaidi. Humo biashara ya bidhaa ni chumba kimoja tu cha nyumba. Vyumba vingine ni huduma, kama utalii na mizigo ya Kongo na Zambia inayopita bandari ya Dar es Salaam. Riba na gawio vinavyokwenda na kurudi. Na fedha wanazotuma ndugu walioko ughaibuni. Ndiyo maana urari wa biashara wa nchi unaweza kuwa mbaya sana huku malipo ya kawaida yakiwa na nafuu, kwa kuwa watalii wa Serengeti wamefidia sehemu ya bili ya mafuta.

Hapa kuna mtego wa tafsiri. Nimekuta kwenye mitandao "akaunti ya sasa". Huko ni kulitafsiri neno la Kiingereza, current account, kwa sura yake tu. Benki yako ya mtaani ikiwa na akaunti ya namna hiyo, huiita akaunti ya hundi, na hesabu ya taifa na nje Benki Kuu huiita urari wa malipo ya kawaida. "Kawaida" hapa ni malipo yanayokwisha yakishalipwa: umenunua, umelipa, basi. Mikopo na uwekezaji viko kwenye hesabu nyingine, kwa sababu vinaacha dai nyuma yake.

Na urari? Neno hili ulilikuta darasani kabla hujasikia habari za uchumi. Mwalimu wa ushairi alikwambia shairi la kimapokeo lina urari wa vina na mizani: kipande cha kwanza mizani 8, cha pili 8. Ukiandika 8 na 6, urari umevunjika, na sikio linajua kabla ya kidole kuhesabu. Urari wa biashara ni huohuo: pande mbili zinazopimwa zilingane. Kwa hiyo urari hauongezeki wala haupungui. Urari huimarika au huzorota. Kinachoongezeka ni nakisi. Wengine huandika "uwiano wa biashara", lakini uwiano ningeuacha kwenye kulinganisha kiasi na kiasi, kama uwiano wa deni na pato la taifa.

Sasa "sera ya fedha ya serikali". Hapa sikulaumu, lugha yenyewe imekutega. Tuna Wizara ya Fedha, na waziri wake ndiye anayesoma bajeti Dodoma, kwa hiyo mtu anaona ni sawa kabisa kuiita kazi yake sera ya fedha. Lakini sera ya fedha ni ya Benki Kuu: kiasi cha fedha kwenye mzunguko na bei ya kukopa. Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kutumia Riba ya Benki Kuu, Januari 2024, ikaanzia asilimia 5.5, hiyo ilikuwa sera ya fedha. Kodi, ruzuku, mishahara ya watumishi, reli na madaraja ni sera ya bajeti, au kwa kirefu sera ya mapato na matumizi ya serikali. Mimi hupenda hicho kirefu redioni, kwa sababu kinajieleza.

Hasara nayo iondoe. Mfanyabiashara hupata hasara akiuza kwa bei ya chini kuliko gharama. Nchi iliyoagiza mashine na mafuta kuliko ilivyouza dhahabu na korosho haijapata hasara kwa hilo tu. Imepokea vitu, na imelipa au italipa. Inaweza kuwa imefanya busara au upuuzi, lakini neno hasara linahukumu kabla ya ushahidi. Deni ni jambo jingine tena. Fikiria daftari la Mangi dukani. Mwezi huu umetumia elfu ishirini zaidi ya mshahara ukaandikiwa: hiyo ni nakisi ya mwezi. Jumla iliyo chini ya ukurasa, pamoja na ya mwezi jana na juzi, ndiyo deni. Kwa hiyo nakisi inaweza kupungua na deni likazidi kukua, na mtangazaji asiyetofautisha hayo mawili atamchanganya kila anayemsikiliza.

Nimefika kwenye swali ulilouliza ukiwa na wasiwasi, na kwangu ndilo tamu zaidi. Si kosa kusema matumizi ya serikali yanaweza kuleta nakisi ya nje. Kosa ni kuzifanya nakisi hizo mbili kitu kimoja, au kuchagua kitenzi kizito kuliko ushahidi ulionao.

Njia moja unaiona kwa macho. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mitambo ya aina hiyo haifuliwi Geita wala Morogoro. Treni za umeme za reli ya kisasa zimetoka Korea Kusini. Serikali inapolipia vitu hivyo, shilingi ileile inaonekana mara mbili: kwenye vitabu vya bajeti kama matumizi, na kwenye urari wa biashara kama bidhaa iliyoagizwa. Njia ya pili haionekani kirahisi. Mkandarasi analipwa, anawalipa vibarua, kibarua ananunua pikipiki, na pikipiki imekuja na meli, petroli yake pia. Ya tatu ni ya riba: serikali iliyokopa nje hulipa riba nje, na riba hiyo inaangukia kwenye malipo ya kawaida hata kama bandarini hakijashuka kitu.

Wanauchumi wana jina la nakisi ya bajeti na ya malipo ya nje zinapotembea pamoja: nakisi pacha. Mfano unaotajwa sana ni Marekani ya miaka ya 1980. Serikali ya Ronald Reagan ilipunguza kodi mwaka 1981, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikashuka kutoka asilimia 70 hadi 50, huku matumizi ya jeshi yakipanda. Mwaka 1983 nakisi ya bajeti ilifika karibu asilimia 6 ya pato la taifa. Riba ilikuwa juu, fedha za kigeni zikamiminika, dola ikapanda thamani, bidhaa za Marekani zikawa ghali kwa wageni na za wageni rahisi kwa Wamarekani. Kufikia 1987 nakisi ya malipo ya kawaida ilikuwa imepita asilimia 3 ya pato. Kati ya hapo, Septemba 1985, mataifa 5 makubwa yalikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kuishusha dola.

Wewe wa Geita hulazimiki kuhangaika na neno pacha. Una Kulwa na Doto. Kulwa hutangulia, Doto hufuata. Ndivyo nadharia inavyosema: bajeti ni Kulwa, malipo ya nje ni Doto. Lakini nani amewahi kusikia Kulwa akamzaa Doto? Mapacha hawazaani, wana mama mmoja. Na mara nyingi mambo huwa hivyo hasa. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya mafuta ilipaa. Bili yetu ya mafuta ikapanda, hiyo ni nakisi ya nje. Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili bei ya pampu isitushinde, huo ni mzigo wa bajeti. Hapo bajeti haikumzaa Doto. Mama yao alikuwa pipa la mafuta.

Na mapacha huachana. Kuanzia 1998 hadi 2001 bajeti ya serikali kuu ya Marekani ilikuwa na ziada, Kulwa kaondoka nyumbani, lakini Doto aliendelea kunenepa mpaka karibu asilimia 4 ya pato mwaka 2000, kwa kuwa watu binafsi na kampuni walikuwa wakitumia na kuwekeza kuliko walivyoweka akiba. Japani ni kinyume: imeishi na nakisi ya bajeti tangu miaka ya 1990, huku malipo yake ya kawaida yakiwa na ziada mwaka hadi mwaka, maana wananchi na kampuni zake huweka akiba ya kutosha kuikopesha serikali yao na kubakiza ya kuwekeza nje.

Kwa hiyo chunga vitenzi. "Imesababisha" ni kitenzi cha mahakamani, kitumie ukiwa na ushahidi. "Imechangia" kinakubali kwamba wapo wachangiaji wengine. "Imeambatana na" kinasema tu kwamba zimeonekana njia moja. Mara tisa kati ya kumi, katika taarifa ya dakika mbili, unachohitaji ni "imechangia".

Jambo moja dogo ambalo hukuuliza, na litakutokea Juni ijayo: tofauti ya "kwa" na "hadi". Nakisi ikitoka asilimia 2 ya pato la taifa ikafika 3, imeongezeka hadi asilimia 3 ya pato. Haikuongezeka kwa asilimia 3. Ukitaka kutumia "kwa", imeongezeka kwa asilimia 50, au kwa nukta moja ya asilimia. Nimeona vichwa vya habari vikianguka kwa silabi hiyo moja.

Ningekuwa mimi, sentensi yako ningeiandika hivi: "Nakisi ya urari wa biashara imeongezeka mwaka huu, na vifaa vya miradi ya serikali vilivyoagizwa nje vimechangia ongezeko hilo." Halafu utie tarakimu zako, na umwoneshe mhariri.

Manakisi, hapana. Neno liko ngeli ya I-ZI kama bajeti na riba: nakisi hii imekua, nakisi hizi zimekua. Ukiona mtu ameandika "manakisi", ujue labda kalisikia kwa mtu aliyekuwa anasema "mapacha".